Tisini na Moja

Mtandao huku Ng'ong'ona
unalala kitanda cha juu, kwa Ndahani,
pale nondo ya dirisha ilipopinda.
Simu yangu tumeifunga kwa upindo wa kanga,
inatugawia bando, watu wanne,
kama ubwabwa wa msibani.

Saa sita kasoro dakika nane.
Kazi ya Takwimu imepanda, asilimia tisini na moja,
imegoma.
"Msipumue," anasema Ndahani.
Upepo wa Dodoma nani kauambia?
Simu inabembea, vumbi linaingia.

Tisini na moja.

Ikaita. Mama, Mpwapwa.
Nikapanda, sikio kwenye nondo:
"Leo unasikika, mwanangu,
kama uko hapa jikoni."

Kazi ikakatika.
Simu sikuikata.
Ndahani akasogeza miguu, nikakaa.