Ipi Inayosubiri Jina

Muuzaji wa Nizwa alizilaza mbili juu ya blanketi,
za marisau zote, mapacha waliokataa kufanana.
Hii, alisema, waivuta kwa mkono: krak-krak,
mwizi akiisikia tu, ukuta anauruka bila viatu.
Hii nyingine yajikoki yenyewe, haimchoshi mwenye bega bovu.
Zahrani akashika bega lake, lile la kuanguka mtendeni.
Tangu waibwe mbuzi wa Bi Ghaniya, pale kwetu Samail,
halali ila na mkongojo kitandani.

Mimi nilikuwa nahesabu wanaoingia kwetu usiku.
Paka.
Hilali wetu, akitoka Duqm, saa tisa za usiku,
simu hapigi, ufunguo kaupoteza tangu Ramadhani,
hupandia ukuta wa jikoni:
kwanza husikika sufuria, ndipo salamu.

Nikauliza: ipi kati ya hizi husubiri mtu ataje jina?

Muuzaji akafuta mtutu usio na vumbi.

Tukanunua kitasa, na funguo tatu.
Mmoja wa Hilali, nimeutia uzi mwekundu.
Zahrani hakunisemesha mpaka Izki.
Pale akasema, macho barabarani:
lakini ile ya krak-krak ilikuwa nzuri.