Mwiba wa Bi Enid

Hapana, Bi Enid, chuma sikuuzii.
Leo Alhamisi, mvua inagonga paa la soko la Todmorden
kama mtu aliyesahau ufunguo,
nawe umeniletea kopo la sindano zilizokwisha kazi:
zina kutu, zimepinda shingo,
moja imenasa unyoya wa paka.

Kabla sijawa fundi wa gramafoni nilikuwa mshonaji Tanga.
Sindano naijua kwa ncha ya kidole.
Ya cherehani ikikatika, nguo hutoboka,
utafuma, utatia kiraka,
mvaaji atacheza harusi nzima asijue.
Santuri haitiwi kiraka.
Mfuo wake ukishachimbika, umechimbika.

Sasa sikiliza.
Zile nzito za babu yako, nyeusi kama masizi,
zina unga wa mawe tumboni.
Hizo zipe chuma, lakini sindano moja kwa upande mmoja,
kisha tupa.
Usinitazame hivyo. Mia moja kwa pauni tano, si dhahabu.
Santuri huinoa sindano inapozunguka,
na sindano iliyonolewa ni patasi:
upande wa kwanza inaimba,
upande wa pili inachonga.
Lile vumbi la kijivu ulilopangusa kwa leso
halikuwa vumbi, Bi Enid.
Ulikuwa wimbo.

Na hii je?
Ndogo, inaenea kiganjani,
nyepesi kama kifuniko cha sufuria,
imefungwa gazeti ndani ya boksi la viatu.
Penseli imeandika: Blackpool, Agosti, Norman.
Kibanda cha ufukweni, peni sita, dakika moja,
kaka yako, miaka kumi na tisa, akisemea tundu ukutani.
Hii ni bati laini, mama,
sauti imepita juu yake kama ukucha juu ya siagi.
Umeipigia chuma mara ngapi?
“Kila Krismasi,” unasema,
unaanza kuhesabu kwa vidole,
unaacha.

Basi, mwiba.
Nimeuchuma kwenye ua wa malisho, kule juu, walikolala kondoo,
nikaukausha mwaka mzima karibu na jiko.
Kwetu wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.
Huu mimi nauambia pole kila ninaponoa,
nikiuzungusha juu ya msasa, taratibu,
kwa kuwa kazi yake ni kuliwa.
Kati ya wawili hawa mmoja lazima aumie;
tumchague anayeota tena.

Nimeufunga mkono wa gramafoni kwa uzi na kijiti upungue uzito.
Nimepiga hendeli.
Zima hicho kikaango, Trevor, dakika moja tu!

Mkwaruzo. Mkwaruzo. Kama mtu anatembea kwenye kokoto.
Kisha, mbali, nyuma ya kokoto:
*Mama… samaki… chumvi nyingi…*
kokoto tena,
*… na Enid asiguse baiskeli yangu.*

Umecheka hadi miwani ikaingia ukungu.
“Nilikuwa nimeshaigusa,” unasema.
“Nilikuwa nimeshapindua usukani.”

Hukusema kilichompata Norman. Sikuuliza.
Niliweka mwiba chini ya lenzi:
ncha imelegea kama penseli ya mtoto wa darasa la kwanza,
na pembeni, kitu kinametameta,
kidogo sana,
kidogo kuliko chumvi.

Ndiyo. Hata mwiba.
Singekuficha.

“Mara moja tena?”
Hilo si swali la fundi.
Naweza kukwambia tu kwamba mwiba wa leo umekwisha,
kwamba nina mingine,
kwamba ukiwa ndani ya boksi haumpunguzii neno.

Umenunua miwili.
Umeichomeka kwenye ukosi wa koti,
namna sisi washonaji tunavyofanya mikono ikijaa.
Gazeti, boksi, kamba, mwavuli.
Kopo la kutu umeniachia mezani.
Krismasi ni wiki sita.