Sifuri ya Ngazi ya Wapiga Pasi

Arobaini na moja.
Ndivyo lilivyosema jedwali, na jedwali nililichora mimi,
Nélida Cárcamo, karani wa takwimu, ghorofa ya pili,
manispaa ya Valparaíso, dirisha linaloangalia ukuta.

Mkuu wangu akataka bango.
"Namba iwe kubwa," alisema, "nyekundu.
Asiyeogopa hajilindi."
Nikaichapa, kubwa kama sahani,
nikaibandika dukani kwa mwoka mkate,
kwenye kituo cha lifti ya mlimani,
na kwenye nguzo mbele ya nyumba ya Bi Otilia Bahamondes,
miaka sabini na minne, sauti ya pili katika kwaya ya Alhamisi.

Alhamisi hiyo hakwenda.
Wala iliyofuata.
Nilimkuta ameketi, koti mwilini, funguo mkononi,
kama anayengoja mvua ipite, na nje jua linawaka.
"Arobaini na moja, mwanangu,
na miguu hii haimkimbii hata paka."
Niliona haya. Namba yangu haikumlinda;
ilimfungia ndani, ikakaa naye mezani,
ikanywa chai yake.

Usiku nikayafungua tena mafaili.
Namba nzima ni gunia: lifungue, umwage yaliyomo.
Thelathini na tatu, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili.
Ishirini na sita, mwenye mkoba alikuwa akitazama simu.
Kumi na tisa, palepale, kona ya duka la vitambaa,
ambapo taa ilikufa mwezi wa tatu na hakuna aliyeizika.
Alasiri, saa ya kwenda kwaya: hakuna.
Saa ya kurudi ndiyo yenye meno.

Nikachora ramani kwa penseli za binti yangu,
wekundu penye visa, weupe pasipo na kitu.
Nyeupe kuliko zote, Ngazi ya Wapiga Pasi:
vidato mia moja na kumi na viwili, sifuri.
Nikampelekea, kwa fahari kidogo:
"Rudi kwa hapa. Hapa salama."

Alivaa miwani. Akacheka mpaka akakohoa.
"Nani kakwambia kuna mtu anapita hapo?
Tangu kidato cha katikati kianguke hatupiti,
na mwizi naye hapiti. Amwibie nani, mbwa?
Sifuri yako si amani, mtoto. Ni ukimya."
Kisha akashusha sauti, akaweka kidole
kwenye kona ya vitambaa, kwenye ule wekundu mzito.
"Na hapa umepunja. Andika mmoja zaidi.
Mwezi wa tano. Pochi, nusu ya pensheni, picha ya marehemu Lautaro.
Sikwenda polisi. Kijana nilimtambua.
Mama yake hunikopesha mkate."

Jedwali langu halikuwa na safu ya mkate.

Nilibandua lile jekundu; gundi ikabaki na kipande cha "moja".
Bango la pili lina maandishi madogo, mtu lazima asogee:
Taa ya kona imezima, pita upande wa muuza samaki.
Simu ibaki mfukoni hadi ufike penye mwanga.
Wa jioni, tungojane chini, saa moja kasorobo.
Ukiibiwa tuambie, hata kama unamjua.
Mkuu alisema halitishi.
Nikamjibu, ndiyo, halitishi.

Barua yangu kwa watu wa umeme sasa ni ya tatu.
Kona bado giza.
Ila saa moja kasorobo huwa wamesimama pale,
wanne, siku nyingine saba, wakipuliza viganja,
Bi Otilia katikati, mkoba umekatiza kifua,
akiwasema sauti ya tatu kwa kuchelewa kuingia.

Kwenye faili imebaki arobaini na moja, ndivyo sheria itakavyo.
Pembeni, kwa penseli, nimeandika: na mmoja.
Chini yake nimeacha nafasi.