Utenzi wa Kondo, Mchonga Funguo

Kondo ndilo jina langu,
alinipa babu yangu.
Kondo ni vita, wenzangu,
sina hata chembe ndani.

Watani Kariakoo
wananiita Kondoo.
Nacheka, nasema "Loo!"
naendelea kazini.

Mimi mchonga funguo,
cheti sikupewa chuo,
mezani tupa na nguo,
Swahili na Mkunguni.

Masika ya mwaka jana,
saa tatu, giza pana,
mvua nayo yapigana
na mwavuli wa mezani,

kaja mteja mmoja,
amesimama, angoja,
matone moja kwa moja
yanampanda shingoni.

Chunusi! Nikatambua.
Goti likanisumbua,
sanduku nikachukua,
akanishika begani.

"Fundi," ati, "kuna lango
kwenye tope na mapango,
limefungwa kwa mpango
chini ya mto Jangwani.

Nyuma yake yupo Mnywa,
amefumba wake kinywa.
Akizinduka, atanywa
Ilala na Magomeni.

Kufuli limelegea.
Watatu walitokea,
kofia zinaelea,
wenyewe hatuwaoni."

Nikamwambia: "Sikia,
kodi sijamalizia,
supu nimeagizia,
muulize Lukumani:

yeye alikuwa jeshi,
ana kifua, hacheshi.
Mimi usiku sikeshi,
nakimbia panya ndani."

Akacheka, akacheka:
"Na hawakutetemeka,
ndipo wakaangamika!
Toa kiganja mezani."

Nikatoa. Kikacheza,
hata meza yafuatiza,
funguo zikajiliza
juu ya waya angani.

"Ndilo hilo nalotaka:
meno yaliyoyumbika.
Kufuli litaitika
kwa mwoga tu, mlangoni."

Tukashuka kwa miguu.
Faya, taa hazipo juu.
Mto umevimba, mkuu,
umeingia yadini.

Mara mbili nilirudi.
Mara ya tatu, baridi,
nikaona sina budi:
binti kapanga bondeni.

Sikutaka ushujaa.
Niliwaza ndoo, taa,
godoro lililojaa
maji, wajukuu ndani.

Chini ya nguzo ya pili
maji yakapisha mwili:
lango, kutu, na kufuli,
na mkoromo kwa ndani.

Nikachonga. Nikaruka.
Radi! Tupa ikatoka,
jino likatingishika
kama mtu wa ngomani.

Mle ndani akanena:
"Nani?" Nikakosa jina.
"Kondoo," nikanong'ona.
Karudi usingizini.

Ufunguo ukazama,
kufuli likajiuma,
kliki! Mto ukahema,
ukapoa magotini.

"Bei gani?" kauliza.
"Buku mbili. Na kwa giza
na tope, jero ongeza."
Noti mbichi mkononi.

Nyumbani, Bi Mwanakheri:
"Viatu hivi, habari?"
"Matope," nikakariri,
"mvua nyingi ya mjini."

Asubuhi simu yaja:
"Baba, maji hayakuja
sentimita hata moja
kupita kizingitini!"

Nikanywa supu ya jana,
mikono ikigongana.
Watani wakaitana:
"Kondoo kaja kazini!"

Ule ufunguo upo
sandukuni, kwenye kopo.
Mvua zikianza, hapo
hucheza wenyewe ndani.

Mwaka huu nimeapa
sikai usiku hapa.
Nimenunua tu tupa
mpya. Iko mfukoni.