Sapo ya Manjano

Misumari minne nyuma ya mlango wa bafu,
nyavu nne:
ya kijani ya Baba, ya zambarau yangu,
nyekundu ya Ntim, fupi, maana nusu yake
aliifanya goli uani,
na ya manjano.

Huku Nkawkaw twaiita sapo.
Usidhani dodoki, lile la kufumbata kiganjani.
Hii ni wavu mwororo, mrefu,
unaokatwa sokoni kwa kutanua mikono miwili,
na Mama alijipimia kwa mikono yake mwenyewe
kwa kuwa Dufie muuzaji, alisema,
siku ya soko mikono yake hufupika.

Ikiwa mpya hukwaruza.
Ntim alilia mpaka majirani wakauliza.
"Nyamaza, hiyo ni nongo, si ngozi."
Akachota sabuni nyeusi ya majivu ya maganda ya kakao,
akaibandika katikati ya wavu, akafikicha,
na kutoka kwenye weusi ule likaja povu jeupe
la kujaza beseni.
Visugudi. Nyuma ya masikio. Magaga.
Nongo zikatoka vijitivijiti
kama makombo ya kifutio juu ya daftari.

Mtu hujikuna ajipatapo, wanasema.
Wasemao hivyo hawajaishika sapo:
ncha moja begani, ncha nyingine kiunoni,
vuta juu, vuta chini,
kama wapasua mbao wawili
ambao wote wawili ni wewe.

Baba hakujifunza.
Ya nini, miaka ishirini na miwili?
Kupitia bati la mlango tuliwasikia:
"Inama."
"Nimeinama."
"Inama zaidi, we mlingoti!"
Halafu maji, halafu kicheko
ambacho sisi watoto tulijifanya hatukukisikia.

Alikufa mvua za kwanza zikianza.
Shangazi wakaja wakagawana: vitenge, viatu,
sufuria kubwa, hata mwavuli uliovunjika mbavu.
Sapo hakuna aliyeiomba.
Nani aombe sapo ya mtu?
Ikabaki msumarini, ikakauka, ikakakamaa
kama mtu aliyekunja mikono akisubiri aitwe.
Na shati la Baba, karani wa mizani ya kakao,
likaanza kuwa na doa la jasho
pale katikati ya mgongo, mahali pamoja tu,
umbo la jani.

Alfajiri moja umeme ulikatika.
Nilikuwa nje na ndoo yangu, nangoja zamu.
Nikasikia kata ikizama, maji yakimwagika,
kisha kimya.
Kimya kirefu, hata nikataka kubisha.
Kisha: kwaru.
Kwaru, kwaru,
ndefu, toka begani hadi kiunoni,
ya mtu anayejifunza.

Kulipopambazuka, ya kijani ilikuwa kavu kau.
Ya manjano ilidondosha maji sakafuni,
tone, tone, bila haraka.
"Giza lilikuwa nene," Baba alisema juu ya uji wake.
Sikuwa nimeuliza.

Kesho yake umeme ulikuwepo.
Taa ya bafuni iliwaka mpaka akatoka.
Ya manjano ililowa tena.
Ntim akafungua mdomo;
nikamfinya chini ya meza.

Sasa imechoka. Matundu yamepanuka,
mawili yameungana, kidole gumba kinapita.
Jumanne nimekwenda kwa Dufie.
"Rangi gani?"
Nikamwambia.
Akasita, mkasi hewani, akaniangalia vizuri.
"Na mama yako si..."
"Nipimie," nikasema. Kisha nikabadili mawazo,
nikashika ncha ya wavu
nikatanua mikono yangu mwenyewe,
na nikaona imeuzidi ule wa zamani
kwa karibu shibiri moja.
Dufie akataka kuilipisha hiyo shibiri.
Tukabishana.