Batli ya Saa Tisa Usiku

Tartu. Theluji dirishani, hospitali imelala nusu.
Majibu ya maabara hayajafika tangu jana.
Wakubwa wamelaumu mtandao,
wa mtandao wamelaumu umeme.
Maarika halaumu. Anafungua batli ya seva,
anaisoma kama asomaye nyayo:

saa, sekunde, nani kwenda kwa nani,
kisha tarakimu tatu.
Nne mwanzoni: subiri, jaribu tena.
Tano mwanzoni: rudi ulikotoka.

Nne, nne, nne, ukurasa mzima.
Anapanda nazo hadi chimbuko:
saa sita usiku wa juzi, na sekunde moja.
Hapo. Cheti kimekwisha muda,
na kila mlango ulipokiona ukajifunga kwa adabu.
Anakihuisha. Foleni inakohoa,
barua mia nne zinatoka mbio.

Angeweza kwenda kulala.

Lakini jicho limeshanasa mstari
ambao hakuna aliyeulalamikia:
kila Ijumaa Endel, wa chumba cha boila,
humwandikia Kristiina, Toronto.
Mia tano na hamsini. *Hakuna mtu wa jina hilo.*
Ijumaa mia moja na arobaini.

Anarudi nyuma, anachuja.
Desemba: barua kutoka kwa Kristina,
irabu moja pungufu,
imetupwa kwenye taka, haijafunguliwa.

Baba huandika jina alilompa.
Binti amelipunguza ugenini, lisiwatese wenyeji.

Hili halina amri ya kuchapa.
Maarika ananakili anwani nyuma ya karatasi ya dawa,
anapiga mstari pale irabu ilipotoka,
anashuka ngazi, kuelekea kwenye joto.