Unazuia?

Mchana niko benki ya damu, hospitali ya Miskolc, ghorofa ya pili.
Naujua mshipa unaojificha.
Namjua mwanamume anayecheka kwa nguvu: huyo ndiye atakayezirai.
Alhamisi usiku nashuka ngazi kumi na moja
hadi stoo ya fundi baiskeli, chini ya minyororo na magurudumu,
nakuwa malkia aliyekufa miaka mia nane iliyopita
na bado ana njaa.

Tulikuwa watano. Meza ya mviringo,
shanga nyekundu thelathini kwa kila mmoja: huo ndio uhai wako.
Kila mnyonya damu unayemwamsha kaburini
unamlipia kwa shanga zako mwenyewe.
Hakuna mtumishi wa bure, hata kwa wafu.
Aliye kushoto kwako ni windo lako.
Aliye kulia kwako anakuwinda wewe.
Wale wawili wa ng'ambo si adui, si rafiki:
ni kura.

Gyöngyvér wa ofisi ya kodi huuza kura yake kama nyama,
kwa mizani, na mfupa anauhesabu.
Botond huapa. Akiapa mara ya tatu, funika shanga zako.
Na Dezső, fundi umeme wa tramu, miaka tisa
alikaa katikati: akiniwinda mimi polepole, kama anayeomba radhi,
huku mgongoni akiwindwa na Kálmán,
kaka yangu wa tumbo moja.

Nyumba ya mama ilipouzwa
Dezső akawa ukuta wetu, na dirisha la ukuta.
"Mwambie dada yako anakalia koti langu."
"Mwambie kaka yako koti lina miguu."
Alifikisha yote, akipunguza makali njiani.

Februari moyo wake ulisimama, akiwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi.

Sheria iko wazi, ukurasa wa nne:
mchezaji akianguka, duara hujifunga.
Windo la windo lako sasa ni lako.
Aliyeiandika hakuwa anafikiria mazishi.

Alhamisi ya kwanza ya Machi Kálmán alisogeza kiti.
Akalaza kadi yake ubavu, mwinyi mmoja mwenye uso wa samaki,
akaielekeza kwangu.
Lakini huwezi kunyonya kabla ya kuuliza.
Lazima uulize, na lazima ujibiwe;
sheria haitambui kununa.

Akatazama kola yangu.
Friji ya fundi ikanguruma, ikanyamaza.
Botond akaacha kutafuna mbegu za alizeti.
Miezi kumi na minne.

"Unazuia?"

Nilikuwa na mlinzi macho, mwanamke mwenye makucha,
angemvunja yule samaki vipande viwili.
Mdomoni nilikuwa na mengine: bei ya nyumba, cherehani ya mama,
kitasa kilichobadilishwa bila kuniambia.

"Sizuii."

Akavuta shanga zangu tatu.
Nikauona ukucha wa dole gumba, ule uliopasuka tukiwa watoto,
kwa mlango
nilioubamiza mimi.

Zimwi likujualo, wanasema, halikuli likakwisha.
Sijui. Hili lilinila hadi nikabaki na nne,
kisha, saa tano usiku, bila haya,
likaniomba kura.

"Utanipa nini?"
Gyöngyvér akacheka mpaka akashika meza.
Kálmán akafikiri, ulimi kwenye kona ya mdomo,
kama mama akitunga uzi kwenye sindano.
"Zamu mbili. Zamu mbili sikugusi."

Nilijua anadanganya. Nimemjua tangu hana meno.
Nikainua mkono, hoja ikapita,
Botond akaapa kwamba ataikumbuka siku hii.

Zamu ya kwanza alitimiza.
Ya pili hatukuifikia: fundi alishuka kuzima taa,
tukabaki tumeinama, nusu gizani,
tukihesabu shanga, kila mtu zake,
na moja ya Dezső haikuonekana.